Mfichua Maradhi

Mfichua maradhi, ukoo humuumbua. Wahenga waliisema kinyume chake, kwamba mficha maradhi ndiye huumbuliwa, na kifo ndicho humuumbua. Lakini wahenga hawakuwahi kuishi nyumbani kwa Nasrudin pale Bondeni, mjini Nakuru. Katika nyumba hiyo mficha maradhi huposwa, huolewa, hupigiwa vigelegele. Anayeyataja kwa jina ndiye huaibika, wala hana haja ya kungoja kifo. Jamaa zake wanatosha.

Mastura alikuwa dada mdogo wa Nasrudin, na kwa miaka kadhaa chakula kilikuwa hakimshuki. Si kwamba hakuwa na hamu. Hamu alikuwa nayo kama mwanamke yeyote anayepita mbele ya karai la bajia. Tonge lilipita kinywani vizuri, likateremka mpaka katikati ya kifua, likasimama hapo kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa kwa ndani. Alilisukuma kwa maji. Maji nayo yakasimama. Ndipo aliponyanyuka, akanyoosha mgongo, akarudisha mabega nyuma na kumeza hewa, na siku za bahati kitu kilifyatuka chini ya kidari, chakula kikateremka kwa mpigo mmoja. Siku nyingine alikimbilia uani, na kilichoingia kikarudi kama kilivyoingia, bila hata uchachu, maana tumboni hakikuwa kimefika.

Huko kurudi ndiko kulikomharibia. Kwao, ugonjwa usio na jina hutibiwa kwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mastura alilinywa kombe lake kwa imani yake yote, bismillahi akaitamka kwa sauti. Kombe likarudi. Likarudi mbele ya mama mkwe na mawifi, nao wakatazamana.

"Jini limekataa kombe," mmoja akasema, na kauli hiyo ikaota miguu. Hakuna aliyekumbuka kwamba asubuhi ileile chai nayo ilikuwa imerudi, na chai haikuandikwa kitu.

Mumewe, Gelle, alikuwa na hoteli ya madereva wa malori pale Salgaa. Alivumilia. Ila dereva ana macho, na dereva akiona mke wa mwenye hoteli haonji chakula cha hoteli, haulizi. Huwasha lori akaenda kula kwa jirani. Viti vilipoanza kubaki vitupu, Gelle alimrudisha Mastura kwa kaka yake, kwa heshima, pamoja na sanduku lake na godoro. Hata hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana.

Kwa Nasrudin watu hula kwenye sinia moja, wamelizunguka, mikono ikipishana. Mastura alipewa sahani yake. Mwanzoni sahani hiyo ilikuwa huruma, ili akikwama asione haya. Baadaye mke wa Nasrudin akaihamisha kutoka mkekani hadi kwenye kibao, kutoka kibaoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chumbani kwa Mastura, ambako ilikuwa ikiletwa imefunikwa. Hakuna aliyemfukuza. Ndivyo watu wastaarabu wanavyofukuza.

Mastura alifungua kibanda karibu na soko, akawa anakodisha masufuria makubwa, masinia na viti vya harusi na matanga. Jirani yake kibandani alikuwa Wamaitha, muuza viazi wa kutoka Dundori, mwanamke mwenye mdomo usio na breki.

"Mastura, leo umekula nini?"

"Nimekula."

"Nimeuliza nini. Sijauliza kama."

"Uji."

"Uji ni wa mtoto na wa mgonjwa. Wewe ni nani kati ya hao?"

"Mimi ni yule wa tatu, anayesumbuliwa na jirani."

Wamaitha akacheka mpaka akashika gunia. "Haya basi. Nimekuletea supu ya viazi. Nimeviponda mpaka vimesahau kama vilikuwa viazi. Ukikataa, kwetu hiyo ni kusema nimekuwekea sumu."

Akainywa. Nusu ikashuka. Wamaitha aligeuka kupanga viazi vyake wakati nusu nyingine ikirudi, na alipomaliza kuvipanga akasema, bila kumtazama, "Umeenda kwa wa kifua, wakasema si TB. Umeenda kwa wa tumbo, akakupa dawa ya asidi. Sasa hebu nenda kwa wa koo, mama. Hicho kitu kinakaa katikati, na katikati hakuna mtu amekuangalia."

Alikwenda peke yake. Walimnywesha dawa nyeupe nzito kama chokaa huku wakimpiga eksirei, wakamteremshia kamera, na mwisho akaketi mbele ya Daktari Jerotich, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko chumba chake.

"Umio ni mrija," alisema daktari. "Chini yake kuna mlango wa msuli. Ukimeza, neva huuambia mlango: legea, chakula kinakuja. Wako hausikii. Neva zilizokuwa zikileta habari zimekufa. Ugonjwa huu unaitwa akalasia."

"Zimeuawa na nini?"

"Kwa hakika kamili hatujui. Tunaowashuku ni walinzi wako mwenyewe, kinga ya mwili. Pengine alipita mdudu fulani zamani, walinzi wakaamka kupigana naye. Mdudu akaondoka, wao wakaendelea kupiga. Wakawapiga wenye nyumba."

"Si jini?"

Daktari hakucheka, na Mastura akampenda kwa hilo. "Jini sijawahi kuliona kwenye eksirei. Hili nimeliona. Niambie, kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo? Mabaka meupe kwenye ngozi? Kisukari kilichoanza utotoni? Macho makavu, viungo kuvimba?"

"Sisi wazima, alhamdulillahi."

Jibu lilitoka lenyewe. Alilelewa nalo; watoto wa nyumba ile walilijua kabla ya kujua jina la mtaa. Aliaga, akafika mlangoni, akasimama huku ameshika kitasa. Akamwona mama yake na mtandio uliozungushwa shingoni hata wakati wa joto. Akamwona Nasrudin na mikono yake mirefu ya kanzu, soksi hata msikitini, na glavu za pikipiki ilhali pikipiki hakuwa nayo. Akamwona mjomba wao aliyejidunga sindano chooni tangu ujana, ambaye watu waliambiwa ameacha sukari ili kuitiisha nafsi.

Akarudi kitini. "Daktari, nimesema uongo."

"Wengi husema. Keti."

Akayataja yote. Daktari alisikiliza bila kuandika, kisha akasema polepole, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni.

"Mama yako hakukurithisha akalasia. Mnachoweza kurithishana ni tabia ya walinzi. Ndani ya vinasaba kuna sehemu inayowafundisha walinzi nani ni mwenyeji na nani ni mwizi. Watafiti wameona alama fulani katika sehemu hiyo zinazojitokeza zaidi kwa watu wenye akalasia, na wameona kwamba magonjwa haya mengine ya kinga kujigeuka huwaandama wao kuliko watu wengine. Lakini elewa vizuri: wengi wenye alama hizo huishi na kufa wakila nyama choma. Ni mwelekeo tu. Mtu hajahukumiwa."

"Na watoto wa ndugu yangu?"

"Karibu wote hawatapata. Ila mtu wa kwenu akianza kukwamwa, asingoje kama ulivyongoja wewe. Mrija wako umetanuka kama soksi iliyolegea. Tutaufungua mlango kwa puto, utapata nafuu. Mrija wenyewe ndio haurudi ulivyokuwa."

Puto lilimsaidia. Wali laini ulishuka, samaki akashuka, hata chapati akiitafuna kwa subira. Jioni ya kwanza aliyomaliza sahani nzima alikaa akiitazama, ukutani kwa jirani redio ikisoma matokeo ya mpira, na hakuwa na wa kumwonyesha. Alikuwa amedhani chakula kikianza kushuka watu nao watarudi. Lakini sahani iliendelea kuja imefunikwa, na alipotoka nayo siku moja hadi mkekani, mazungumzo yalikatika, mke wa kaka yake akasogea kumpisha nafasi kubwa mno, nafasi ya watu watatu.

Aliyekuwa akimjia ni mmoja tu, Rumaisa, binti wa Nasrudin. Alikuja na chakula chake mwenyewe, akaketi kitandani, akapiga soga za chuo na za Mujahid, kijana wa Eldoret muuza magurudumu aliyekuwa karibu kuleta posa.

"Shangazi, huyo jamaa anaongea na mimi saa mzima kuhusu matairi. Na nasikiliza! Niko sawa kweli?"

"Hauko sawa. Umependa."

Kwa Mastura hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yote: msichana mmoja, kitanda kimoja, sahani mbili. Basi alipomwona Rumaisa anaacha kutafuna, anaweka tonge chini, ananyanyuka taratibu kama anayetafuta kitu dirishani, ananyoosha mgongo, anarudisha mabega nyuma na kumeza hewa, Mastura aliiweka sahani yake kando. Mwendo ule hakufundishwa na mtu. Hakuna anayeujua asiyeuhitaji.

"Tangu lini?"

"Shangazi, usianze."

"Rumaisa. Tangu lini?"

"Ni mkate tu. Mkate na nyama. Nikinywa maji inaisha." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kukwamwa, ambayo si ya kulia ingawa hufanana. "Ni presha ya harusi. Baba amesema. Ataniitia mtu wa kombe."

"Twende kwa Daktari Jerotich kesho."

"Nionekane na nani kwenye foleni? Watu wa Mujahid wakisikia niko na kitu kama yako, imeisha. Unajua imeisha. Kwako iliisha." Akamshika mkono. "Niapie hutasema."

Mastura hakuapa. Alinyamaza, na Rumaisa akakichukua kimya hicho kuwa ridhaa, kama kadhi anavyokichukua cha mwanamwali.

Alimwendea Nasrudin kibarazani. Alimweleza kuhusu mrija, kuhusu mlango, kuhusu walinzi waliochanganyikiwa. Nasrudin alisikiliza huku akivuta mikono ya kanzu yake ifunike viganja.

"Baada ya harusi," alisema.

"Baada ya harusi atakuwa Eldoret, kwenye sinia la wakwe. Atakimbilia uani kwao, Kaka, mbele ya mawifi. Mimi nilikimbilia."

"Wewe hukuwa na bahati."

"Mimi nilichelewa. Hayo mawili hayafanani."

"Mastura." Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka. "Mimi nina mabinti, na kila mmoja ataulizwa kwenu kuna nini. Nikisema neno moja kuhusu huyu, nimewafungia milango wote. Nikishamwoza nitampeleka hata India. Sasa nikuombe jambo. Jumamosi wageni wanakuja. Kaa kibandani siku hiyo. Wasije wakaona sahani yako wakauliza."

"Wakiuliza kama una dada?"

Alitazama pembeni. "Tumewaambia uko Omani. Unafanya kazi."

Jumamosi Mastura alikaa kibandani tangu asubuhi. Upepo wa vumbi ulikuwa ukipiga, akawa anapangusa masinia yaliyokuwa safi. Baada ya adhuhuri akaingia mama mtu mzima, amevaa buibui jipya, viatu vya safari na miwani iliyoning'inia kifuani. Hakutazama masufuria. Alitazama nje kwanza, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, mimi naitwa Bi Jannat, natoka Eldoret. Nimekuja na wenzangu kwenye nyumba moja hapa nyuma, kwa Nasrudin. Tumekaribishwa vizuri, tumekula, nimewaambia natoka kununua udi." Akatabasamu kidogo. "Udi ninao mkobani. Unajua nimekuja kwa lipi."

Mastura alijua. Hakuna posa isiyo na shangazi anayeteleza kutoka barazani kwenda madukani kuulizia. Kina Nasrudin walijua pia. Mwenye duka la nguo walishamwona, muuza nyama walishamwona, imamu hakuhitaji kuonwa. Kibanda kimoja tu hawakukipitia, kwa sababu aliyekaa ndani yake alikuwa Omani.

"Unawafahamu?" akauliza Bi Jannat.

"Nawafahamu."

"Watu gani?"

"Watu wa heshima. Hawagombani na mtu. Msichana ana moyo mweupe, na anampenda mwana wenu. Hilo liamini hata kama huamini lingine."

"Na afya? Mimi naitwa mbaya kwa kuuliza, lakini mimi ndiye niliyetumwa. Kwao kuna ugonjwa?"

Sisi wazima, alhamdulillahi. Neno lilikuwa ulimini, limeshalainika kwa kutumika, lingeteleza bila kugusa popote. Akilitoa, Rumaisa angeolewa, na jioni zilizobaki wangekula pamoja kitandani wakicheka matairi. Kisha msichana angekwenda na mlango wake unaokaza, akifichwa na kila mtu, akijificha na yeye mwenyewe, mpaka siku atakaporudishwa na sanduku na godoro, mrija umeshalegea. Akilizuia, hakuna mtu tena angeketi kitandani pale.

"Upo," akasema Mastura.

Akamweleza. Hakupamba, hakuchuna ngozi ya mtu. Alisema msichana ameanza kukwamwa na chakula, kwamba si jini wala haambukizi, kwamba kuna matibabu na yanafaa zaidi yakiwahi. Alisema kwao kinga ya mwili huwageukia baadhi ya watu, huyu shingoni, huyu ngozini, huyu kwenye sukari, na kwamba daktari amesema karibu watoto wote wa ukoo hawatapata chochote. Alisema, "Kama mnampenda, ngojeni atibiwe, mmwoe akiwa anakula."

Bi Jannat alivaa miwani yake. "Haya yote umeyajuaje wewe, mkodisha masinia?"

"Mimi ndiye dada aliye Omani."

Mitaani honi zililia, nje Wamaitha alikuwa akimtukana mteja aliyebonyeza viazi. Mwishowe Bi Jannat akanyanyuka, akamshika bega, mkono mzito wenye joto, wa kwanza kumgusa kwa siku nyingi. "Mungu akulipe. Mimi ningekuwa wewe, nisingesema." Akatoka.

Watu wa Eldoret hawakukaa kunywa kahawa. Simu ilikuja kesho yake, ya adabu, yenye maneno mengi kuhusu dua ya istihara na kuhusu riziki iliyoandikwa. Mujahid alipiga mara moja, akalia na Rumaisa, hakupiga tena. Mtaani habari ilizunguka na kukua. Baadhi walisema nyumba nzima haimezi.

Na kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha, Nasrudin alimpeleka binti yake kwa Daktari Jerotich mchana kweupe. Mastura hakuitwa. Alisikia kupitia ukuta, sauti ya mke wa kaka yake kwenye simu: ni akalasia, ndiyo imeanza, mrija haujatanuka, watampasua kidogo tu na kuulegeza mlango. Aliketi kitandani, akafunika uso kwa viganja, akashukuru. Kisha akangoja mlango wake ubishwe. Haukubishwa jioni hiyo wala zilizofuata. Rumaisa alipita uani akienda na kurudi, na akifika mbele ya chumba kile aliongeza mwendo.

Baada ya upasuaji, Ijumaa moja watu wametoka msikitini, Mastura alitumiwa mtu wa kumwita sebuleni. Nasrudin alikuwa ameketi katikati, mjomba wa sindano kushoto kwake, mke wake kulia. Rumaisa alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amekonda, mzuri, haangalii mtu.

"Tumekuita kwa wema," alisema mjomba. "Umevunja posa, umeuanika ukoo kama nguo za ndani. Lakini damu haitupwi. Muombe radhi kaka yako, umuombe radhi mtoto, tusome Fatiha, yaishe."

"Nikiomba, nini kitaisha?"

"Utarudi mkekani," alisema mke wa Nasrudin. "Utakula na sisi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo tangu Salgaa. Lilimpata mahali alipodhani pameshakufa.

"Niliogopa kwa ajili yao wote," alisema Nasrudin, na kwa mara ya kwanza hakuvuta mikono ya kanzu. Mabaka yalionekana, meupe, mpaka kwenye vifundo. "Hukuniamini kwamba ningempeleka?"

"Niliamini ungempeleka, Kaka. Nilijua pia ungechelewa."

Rumaisa akainua uso. "Daktari amesema nimewahi. Nimemsikia, nakula, sawa. Lakini nilikuomba. Wewe tu ndiye nilikuwa nakuja kwako. Ungeniambia usoni kwamba utasema, ningejua nimesimama wapi. Ulinyamaza, Shangazi. Ukaenda ukamwambia mtu wa nje."

"Ni kweli. Nilinyamaza."

"Basi sema pole hata kwa hilo. Sema tu. Nitarudi kuja kula na wewe."

Chumba kizima kilimgeukia. Mjomba alikuwa ameshafungua viganja kwa ajili ya dua. Mastura alimtazama msichana, shingo ile nyembamba, kifua kilichopanda na kushuka bila kizuizi, na aliona wazi jioni zote zijazo, moja baada ya nyingine, na chumba chake mwishoni mwa uani.

"Ningekwambia, ungenizuia, na mimi ningekubali kwa sababu nakupenda," alisema. "Nimekuumiza, najua, na bibi yule wa Eldoret akija tena kuuliza nitamjibu vilevile. Siombi radhi."